Bunge la Texas limepunguza kodi ya majengo, nani amepunguziwa?

Hotuba hii ilitolewa mwezi Februari 2026 mjini Arlington, Texas, mbele ya mkutano wa familia zinazozungumza Kiswahili. Inachapishwa yote kwa ajili ya ndugu waliokuwa kazini au safarini siku hiyo.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, mama zangu, kaka na dada, nanyi vijana mlioketi kule nyuma: wakubwa shikamooni, na wengine wote habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie sheria mpya za nyumba, kodi ya majengo na mikopo katika jimbo hili tunaloishi. Swali ambalo limekuwa likizunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp ni moja: je, ni kweli kwamba kodi ya majengo imefutwa Texas? Hapana, ndugu zangu, haijafutwa. Imepunguzwa, na kwa baadhi ya watu imepunguzwa sana, lakini punguzo hilo halimfuati mtu nyumbani kwake. Linampata yule aliyeliomba. Nina hakika kwamba wamo humu ndani watu ambao sheria imewapa dola elfu moja na zaidi kila mwaka nao hawajazichukua.

Tuanze na jinsi jambo lenyewe lilivyo. Texas haitozi kodi ya mapato. Tulipohamia hapa kutoka majimbo mengine wengi tulilifurahia hilo, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini shule zinahitaji walimu, barabara zinahitaji lami, na hospitali ya kaunti inahitaji dawa. Fedha hizo zinatoka wapi? Sehemu kubwa inatoka kwenye nyumba zetu. Serikali ya jimbo yenyewe imekatazwa na katiba kutoza kodi ya majengo. Wanaotoza ni wilaya ya shule, kaunti, jiji na vyombo vingine vya mahali, na mara nyingi aliye mkubwa kuliko wote katika bili ile ni wilaya ya shule.

Kodi hiyo imekaa juu ya mafiga matatu: thamani ya nyumba kama inavyokadiriwa na ofisi ya uthamini ya kaunti, msamaha, yaani kiasi kinachoondolewa kwenye thamani hiyo kabla ya kodi kupigwa, na kiwango kinachopangwa na shule, kaunti na jiji. Wabunge mjini Austin hukutana katika miaka ya witiri tu, kwa siku 140, na figa walilolishughulikia kuliko mengine ni hilo la msamaha. Mwaka 2015 msamaha wa makazi, yaani wa nyumba ambayo mmiliki mwenyewe anaishi humo, katika kodi ya shule ulipandishwa ukawa dola 25,000. Mwaka 2022 ukawa 40,000. Mwaka 2023 ukarukia 100,000. Na tarehe 4 Novemba 2025 wapiga kura waliidhinisha marekebisho ya katiba yaliyoufikisha dola 140,000. Siku hiyo hiyo waliidhinisha pia kwamba mwenye nyumba aliyetimiza miaka 65, au mwenye ulemavu, aongezewe dola 60,000 badala ya 10,000 za zamani, ili jumla yake iwe dola 200,000. Pengo linalobaki kwenye bajeti za shule hufidiwa na hazina ya jimbo.

Tuliweke katika hesabu ya nyumbani. Chukulia nyumba yenye thamani ya dola 300,000, na wilaya ya shule inayotoza dola 1.10 kwa kila dola 100. Asiye na msamaha atailipa shule dola 3,300 kwa mwaka. Mwenye msamaha atatozwa juu ya 160,000 tu, yaani dola 1,760. Tofauti ni dola 1,540. Nyumba ni zile zile, mtaa ni ule ule, watoto wanapanda basi moja la shule, na jirani mmoja analipa karibu mara mbili ya mwenzake kwa sababu ya karatasi ambayo hakuijaza.

Ipo familia moja ninayoifahamu, wenzetu waliokuja kutoka Kivu ya Kusini kupitia kambi ya Nyarugusu, ambao walinunua nyumba Fort Worth baada ya miaka ya kufanya kazi usiku kwenye ghala. Siku ya kusaini walitia sahihi karatasi nyingi mno, wakaamini kwamba humo ndani kila kitu kimemalizika. Mwaka ukapita, na mwingine, na mwingine, bila msamaha wa makazi, kwa kuwa fomu ile haimo kwenye karatasi za benki. Hupelekwa ofisi ya uthamini na mwenye nyumba mwenyewe. Binti yao aliyekuwa anasoma chuo ndiye aliyeligundua jambo hilo. Sheria inaruhusu maombi yaliyochelewa kwa takriban miaka miwili nyuma, kwa hiyo walirudishiwa kiasi, na kiasi kilichobaki kimekwenda. Je, kuna mtu aliyewadhulumu? Hapana. Hakuna aliyewaambia, basi.

Fomu hiyo inaitwa namba 50-114. Haina ada. Narudia: haina ada. Ukiletewa barua yenye mihuri inayofanana na ya serikali, inayokutaka utume fedha ili uandikishiwe msamaha, itie kwenye takataka. Unachohitaji ni kuwa mmiliki wa nyumba, kuishi humo kama makazi yako makuu, na kuwa na leseni ya udereva au kitambulisho cha Texas chenye anwani ya nyumba hiyo hiyo. Hapa kwenye anwani ndipo wengi wetu tunapokwama, maana mtu amehamia nyumba mpya huku leseni yake bado inasoma nyumba ya kupanga ya miaka mingi iliyopita. Badilisha leseni kwanza, kisha peleka fomu. Tarehe ya kawaida ya mwisho ni Aprili 30, na aliyenunua katikati ya mwaka hana haja tena ya kungoja Januari inayofuata, kama ilivyokuwa zamani.

Na ukishaupata msamaha, usidhani kwamba mambo yamekwisha. Sheria iliyopitishwa mwaka 2023 inaitaka kila ofisi ya uthamini ihakiki misamaha hii angalau mara moja kila miaka mitano. Maana yake ni kwamba siku moja itakuja barua inayouliza kama bado unaishi hapo. Mama mmoja mjane wa jamii yetu aliipokea, akadhani ni tangazo la biashara, akaiweka juu ya friji pamoja na vipeperushi vya piza. Msamaha ukafutwa. Ulirudishwa baadaye, lakini baada ya kukosa usingizi na kuomba ruhusa kazini mara kadhaa.

Hapo hapo kwenye wazee wetu niseme jambo moja ambalo nadhani linatuhusu sisi kuliko Wamarekani wengi. Sisi tunaishi na wazazi. Mama ametoka Kisumu au Bukavu kuja kulea wajukuu, ametimiza miaka 70, na kijana anauliza: mama yangu si amezidi 65, mbona sipati ile nyongeza? Huipati kwa sababu jina la mama haliko kwenye hati ya nyumba. Nyongeza ya uzee ni ya mmiliki. Wala usikimbilie kuandika jina lake kesho asubuhi ili upate punguzo. Kumwingiza mtu kwenye hati kunagusa urithi, madeni na mkopo wa benki, na ndugu zako walioko nyumbani watakuwa na la kusema siku mama atakapoondoka. Zungumza na mwanasheria kwanza. Kwa wazee ambao wenyewe ni wamiliki, kuna neema ya ziada: kodi ya shule huwekewa ukomo, na haipandi juu ya pale ilipokuwa walipostahili, isipokuwa wakiongeza jengo.

Sasa nije kwenye thamani, na hapa ninawaomba mnivumilie, kwa sababu hapa ndipo familia nyingi zinapoumia.

Ni wangapi hapa wamenunua nyumba mpya kabisa, zile zinazojengwa kwa mamia kuelekea kaskazini na kusini mwa eneo letu? Naona mikono. Je, mwaka wa pili malipo ya mwezi yalibaki vile vile? Naona mnacheka, lakini si kicheko cha furaha.

Linalotokea ni hili. Thamani hupimwa kwa hali ya tarehe 1 Januari. Kama siku hiyo nyumba yako ilikuwa bado kiwanja kitupu, bili ya mwaka huo ni ya kiwanja. Benki inakusanya fedha za kodi kila mwezi pamoja na malipo ya mkopo, inaziweka kwenye akaunti ya eskro, kisha inalipa kwa niaba yako. Tuseme kiwanja kilithaminiwa dola 60,000, na viwango vyote kwa pamoja ni dola 2.20 kwa kila dola 100. Bili ni dola 1,320, yaani dola 110 kwa mwezi. Mwaka unaofuata nyumba imesimama na ina thamani ya 350,000. Hata ukiwa na msamaha wako wa 140,000 katika kodi ya shule, na tukichukulia nusu ya kiwango ni cha shule, bili inakuwa dola 6,160. Benki imekusanya dola 1,320. Pungufu ni dola 4,840, na utaidaiwa wewe. Ikigawanywa kwa miezi 12 ni zaidi ya dola 400 kila mwezi, juu ya dola 513 ambazo sasa ndizo sehemu yako halisi ya kodi. Yaani mtu aliyekuwa akichangia dola 110 anajikuta anachangia zaidi ya dola 900, na sheria ya shirikisho inairuhusu benki kudai akiba ya ziada ya miezi miwili juu ya hapo.

Kijana mmoja dereva wa lori, mtu wa Mombasa, aliniambia kwamba alipoiona barua ile alidhani benki imembadilishia riba kwa siri. Riba haikubadilika hata chembe. Kilichokuwa kimebadilika ni kwamba kaunti sasa iliiona nyumba. Bunge lilikuwa limempunguzia kodi kwa mkono wa kweli, naye akaishi mwaka mzima akiamini kuwa ameongezewa. Kwa hiyo unaponunua nyumba mpya, muulize anayekukopesha swali hili kabla ya kusaini: je, eskro hii imehesabiwa kwa kiwanja au kwa nyumba iliyokamilika? Akijibu kwamba ni kwa kiwanja, anza kuweka tofauti yake pembeni mwezi ule ule wa kwanza.

Anayenunua nyumba ya zamani naye ana mtego unaofanana na huo. Mwenye msamaha wa makazi analindwa na kikomo: thamani anayotozwa haiwezi kupanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, hata kama soko limepanda kwa 20. Muuzaji aliyeishi humo miaka 15 anaweza kuwa anatozwa chini kabisa ya bei ya soko. Wewe ukinunua, kinga yake haikufuati. Thamani inarudi kwenye bei ya soko, na kikomo chako kinaanza mwaka unaofuata ule wa kwanza wa msamaha wako. Usiisome bili ya muuzaji ukadhani ndiyo yako.

Na thamani ikipangwa juu mno, unaruhusiwa kuipinga. Watu wa kwetu tunaona haya kubishana na serikali. Tumetoka mahali ambapo kubishana na ofisi ya kodi ni kujitafutia balaa. Hapa kuweka pingamizi ni jambo la kawaida kama kupima gari, na tarehe ya mwisho kwa kawaida ni Mei 15, au siku 30 tangu barua ya thamani itumwe, ile itakayokuwa ya baadaye. Texas haimlazimishi mtu kutangaza bei aliyonunulia nyumba, kwa hiyo maofisa wa uthamini wanafanya makadirio kwa taarifa pungufu, wala hawajaingia sebuleni kwako. Hawajauona ufa. Udongo wetu wa kaskazini mwa Texas ni mfinyanzi unaovimba mvua ikinyesha na kusinyaa jua likiwaka, na misingi ya nyumba inapasuka. Dada mmoja muuguzi alikwenda na picha za nyufa pamoja na makadirio ya fundi wa misingi, akakaa na ofisa kwa muda mfupi tu, na thamani ikashushwa kabla hata hajafika mbele ya bodi ya mapitio, ile inayosikiliza mapingamizi. Hakuwa na wakili wala Kiingereza cha televisheni. Alikuwa na picha.

Figa la tatu, kiwango, nitalipitia haraka, ingawa pengine ndilo tunalolisahau zaidi. Tangu sheria ya mwaka 2019, jiji kubwa au kaunti ikitaka mapato yake ya kodi kwa nyumba zilizokuwepo yapande zaidi ya asilimia 3.5 kwa mwaka, lazima iwaulize wapiga kura. Chini ya hapo inaamua yenyewe, mnamo Agosti na Septemba, katika vikao vya hadhara ambavyo viti vyake huwa vitupu. Sheria ya mwaka 2023 iliongeza kwamba katika kaunti zenye wakazi 75,000 na zaidi, wajumbe watatu wa bodi ya ofisi ya uthamini wachaguliwe na wananchi, na uchaguzi wa kwanza ulifanyika Mei 2024. Nani kati yenu mliokwisha kuwa raia alipiga kura siku ile? Sitahesabu mikono. Asiye raia hapigi kura, na asijaribu kabisa, lakini kusimama na kusema kwenye kikao cha hadhara hakuhitaji pasipoti.

Ndugu zangu, yapo mambo ya mkopo pia. Texas ilichelewa kuliko majimbo mengine yote kumruhusu mtu akope fedha taslimu kwa kuiweka rehani nyumba anayoishi; iliruhusu mwaka 1997, tena kwa kuandika masharti ndani ya katiba yenyewe. Mikopo yote juu ya nyumba hiyo haiwezi kuzidi asilimia 80 ya thamani. Kwa hiyo nyumba ya 300,000 yenye deni la 200,000 inaweza kukupa dola 40,000, haizidi hapo. Lazima zipite siku 12 tangu uombe, na baada ya kusaini una siku 3 za kughairi bila adhabu. Anayekuambia tusaini leo jioni hapa mezani kwako, kabla ofa haijaisha, anavunja katiba ya Texas: mkopo huu husainiwa kwenye ofisi ya mkopeshaji, ya mwanasheria au ya kampuni ya hati. Nalisema hili kwa sababu najua wengi mnataka kumalizia nyumba Kitengela au Kigamboni kwa fedha za nyumba ya hapa. Ukishindwa kulipa, itakayopigwa mnada Jumanne ya kwanza ya mwezi ni hii ya hapa, watoto wakiwa ndani.

Wengine, hasa ndugu zetu Waislamu wanaojiepusha na riba, na wakimbizi wasio na historia ya mikopo, hununua kwa mkataba wa kumlipa muuzaji mwenyewe kila mwezi, hati ikibaki kwake hadi mwisho. Mkataba huo si haramu kisheria, lakini umewaumiza watu. Minnesota ilibana sheria yake mwaka 2024 baada ya familia nyingi za Kisomali kunaswa katika mikataba ya namna hiyo. Texas ilitangulia mwaka 2015: mkataba ukiandikishwa kwa karani wa kaunti, unakuwa na nguvu ya hati, na muuzaji anakuwa mdai tu. Aliyekwisha kulipa asilimia 40 ya bei, au malipo ya miezi 48, hawezi kutupwa nje kama mpangaji. Kama una mkataba kama huo, usilale kabla ya kujua kama umeandikishwa.

Mmeniuliza pia kuhusu ile sheria ya 2025 inayowazuia baadhi ya wageni kununua ardhi. Nchi zilizolengwa ni China, Iran, Korea Kaskazini na Urusi. Gavana ana uwezo wa kuongeza nyingine, lakini yule aliyesambaza ujumbe kwamba Waafrika tumezuiwa awaombe radhi watu wake.

Nanyi mnaopanga? Sijawasahau, na nasema wazi kwamba Bunge liliwakumbuka kidogo kuliko wenye nyumba. Hakuna msamaha wa dola 140,000 kwa mpangaji. Kilichofanyika ni kujaribu kuongeza nyumba: tangu Septemba 1, 2025, miji mikubwa ikiwemo Dallas, Fort Worth na hii yetu ya Arlington haiwezi tena kuzuia majengo ya ghorofa ya makazi kwenye maeneo ya biashara, wala kulazimisha viwanja vikubwa kupita futi za mraba 3,000 katika mitaa mipya ya ekari 5 na zaidi. Hayo yatachukua miaka kabla hujayaona kwenye kodi yako ya pango ya mwezi. Lakini sheria ya kuwatoa wapangaji iliyoanza Januari 1, 2026 utaiona mapema. Kesi inasikilizwa ndani ya siku 21 tangu ifunguliwe. Aliyechelewa kulipa kwa mara ya kwanza lazima apewe ilani inayomruhusu kulipa abaki, na kwa wengine ilani ni ya kuondoka tu. Kwa hiyo ile mara ya kwanza ina thamani kubwa, usiitumie ovyo. Na ukiitwa mahakamani, nenda. Asiyefika hushindwa hata kama ana risiti mfukoni.

Bunge litarudi Austin Januari 2027. Kikomo cha asilimia 20 kwa mwaka cha kupanda kwa thamani ya majengo ambayo si makazi ya mmiliki mwenyewe, zikiwemo nyumba nyingi tunazopangishwa, kinakwisha Desemba 31, 2026 wasipokifufua. Gavana Greg Abbott amesema anataka kodi ya shule ifutwe kabisa kwa nyumba za makazi. Likija pendekezo hilo, ulizeni fedha za shule zitatoka wapi, maana zikitoka kwenye kodi ya mauzo, anayepanga chumba kimoja atakuwa anamlipia aliye na nyumba ya vyumba vitano.

Nimeleta nakala za fomu namba 50-114. Ziko kwenye meza ya mlangoni pamoja na kalamu. Wenye leseni zenye anwani sahihi waanze kujaza leo. Wenye barua za eskro au mikataba ya kulipa kwa muuzaji waje nazo kwangu baada ya chakula, tuzisome pamoja.

Ahsanteni sana.